Kabla ya Ubao, Njia ya Mlimani: Tunavyojiandaa kwa Safari ya Simeulue

Ndugu wasomaji, wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nimeanza na methali hiyo ya mabaharia kwa sababu nataka kuwahadithia safari ya baharini ambayo bado haijafanyika. Najua kawaida ya jarida letu ni kusimulia safari zilizokwisha, picha zikiwa tayari mkononi. Lakini sisi wanachama wanne tumekuwa tukiipanga safari hii tangu Oktoba, na katika kupanga tumejifunza jambo ambalo naona lina faida hata kwa mtu asiye na haja ya kulowa maji.

Safari yenyewe ni ya kwenda kuteleza juu ya mawimbi katika kisiwa cha Simeulue, Indonesia, mara tu mitihani itakapomalizika mwezi wa Juni. Wengi wenu mmetuona Jumapili jioni tukirudi kutoka pwani ya Cornwall, midomo imebadilika rangi kwa baridi na mbao zimefungwa juu ya gari la kuazima. Mmetucheka vya kutosha. Safari hii mtaturuhusu tutafute mawimbi kwenye maji ya moto.

Mimi ni mtoto wa Pemba. Utotoni tulikuwa tukilalia vipande vya mbao za mtumbwi mkuukuu na kusukumwa na viwimbi mpaka mchangani, wala hatukujua kama mchezo ule una jina wala mashindano. Kwetu mwamba wa matumbawe hulivunja wimbi mbali na ufukwe, na Madagascar nayo hukinga sehemu ya mawimbi yatokayo kusini. Ubao wa kweli nimeujulia ughaibuni, nikiwa na miaka ishirini, katika maji yanayouma kama pilipili.

Kwa nini Simeulue?

Kisiwa hiki kiko kiasi cha kilomita 150 kutoka pwani ya magharibi ya Sumatra, katika mkoa wa Aceh, kaskazini kidogo ya mstari wa ikweta. Mji wake mkuu ni Sinabang. Upande wake wa kusini magharibi umeitazama Bahari ya Hindi moja kwa moja. Ukisimama pale ukatazama kusini, hakuna nchi kavu ya maana mpaka ufike kwenye barafu za Antaktika.

Hiyo ndiyo siri ya mawimbi yake. Kati ya Aprili na Oktoba, dhoruba kubwa huvuma katika bahari za kusini, mbali kabisa na kisiwa. Dhoruba haifiki Simeulue. Kinachofika ni mawimbi yake, yakiwa yamejipanga safu kwa safu kama waumini msikitini. Wataalamu hupima muda unaopita kati ya wimbi moja na linalofuata. Mawimbi yanayopishana kwa sekunde 16 husafiri kwa kundi, katika kina kirefu, kwa mwendo wa takriban kilomita 45 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 1,000 kwa siku. Dhoruba ikiwa umbali wa kilomita 6,000, mawimbi yake huchukua siku tano na nusu kufika. Mwaka 1963 mwanasayansi Walter Munk na wenzake waliyafuatilia mawimbi ya namna hii katika Bahari ya Pasifiki, tangu New Zealand hadi Alaska, na wakayatambua kituo baada ya kituo.

Kwa hiyo mteleza mawimbi wa leo hukaa na simu yake akaliona wimbi lake likizaliwa Jumatatu, na akajua kwamba Jumamosi asubuhi, upepo wa nchi kavu ukiwa bado unavuma taratibu, litakuwa mlangoni. Tulipolielewa hilo tulijiona tumekuwa manahodha. Tukakaa kitako kuandika orodha.

Orodha ya kwanza

Nitaitaja kwa kifupi, kwa sababu ina faida kwa atakayetaka kwenda.

Njia: kutoka London hadi Kuala Lumpur, halafu Medan, kisha ndege ndogo mpaka uwanja wa Lasikin karibu na Sinabang. Ndege hizo hazina nafasi kubwa ya mizigo, na ubao una urefu unaozidi kimo cha mtu. Lazima kuuliza mapema kama utapokelewa. Njia nyingine ni kushuka kwa gari hadi bandari za pwani ya magharibi na kupanda feri ya usiku. Feri huahirishwa bahari ikichafuka, na wakati wa Idi hujaa wasafiri wanaorudi makwao. Kwa sababu hiyo tumeacha siku mbili tupu kabla ya ndege ya kurudi, ili tusije tukajikuta bandarini tunaipungia mkono ndege iliyokwisha kuondoka.

Vifaa: ubao wa akiba, kamba za mguuni za ziada, mapezi ya ubao, nta ya maji ya moto (ile ya Cornwall itayeyuka yote), viatu vya kukanyagia mwamba, na fulana za mikono mirefu kwa ajili ya jua.

Afya: kwenda kwa daktari wiki kadhaa kabla, kuuliza habari za malaria na chanjo ya pepopunda. Matumbawe yakikukata, vipande vyake hubaki ndani ya kidonda, na katika joto lile kidonda huoza upesi. Kidonda husuguliwa kwa maji safi na sabuni, hata kikiuma, kisha hutiwa dawa. Bima lazima iseme waziwazi kwamba inagharamia kusafirishwa mgonjwa hadi hospitali kubwa, na kwamba mchezo huu haukutolewa. Bima ya kwanza tuliyoitaka ilikuwa imeutoa, kwa maandishi madogo, ukurasa wa mwisho kabisa.

Fedha: taslimu ya kutosha kutoka Medan au Sinabang, kwani vijijini kadi ya benki ni pambo tu.

Orodha ilipokamilika ilikuwa na vitu arobaini na kimoja. Nikajisifu. Usiku ule nikampigia simu Bibi yangu, Wete, nikamsomea yote, naye akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: "Mjukuu wangu, hayo mawimbi mtakayoyafuata nyinyi nimeyafahamu. Na yatakayokufuateni nyinyi, mtayajuaje?"

Sikuwa na jibu. Bibi hajasoma jiografia, ila anaikumbuka redio ya Desemba 2004.

Smong

Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 2004, ardhi ilitetemeka chini ya bahari, magharibi ya Sumatra. Mawimbi ya tsunami yaliyotokea hapo yalivuka bahari yetu yote. Somalia walikufa watu wapatao mia tatu, na Tanzania na Kenya nazo zilipoteza watu. Aceh penyewe walikufa au kupotea zaidi ya watu laki moja na nusu.

Sasa itazameni ramani. Simeulue ndiyo iliyokuwa miongoni mwa nchi kavu zilizokuwa karibu kabisa na chanzo cha tetemeko. Katika kijiji cha Langi, ncha ya kaskazini, inakadiriwa kwamba maji yalifika dakika 8 tu baada ya ardhi kutetemeka. Hakuna king'ora kilicholia, wala ujumbe wa simu, wala tangazo la redio. Kisiwa kilikuwa na watu wapatao 78,000. Waliokufa kwa mawimbi walikuwa saba.

Kilichowaokoa ni neno moja: *smong*.

Tarehe 4 Januari 1907, siku ya Ijumaa, kisiwa hicho kilipigwa na tetemeko na kisha mawimbi yaliyoua sehemu kubwa ya wakazi wake. Waliobaki hawakujenga mnara. Walitunga hadithi. Katika lugha ya Kidevayan, mojawapo ya lugha za kisiwa hicho, mawimbi yale yaliitwa smong, na habari zake zikawa sehemu ya *nafi-nafi*, masimulizi ambayo wazee huwapa watoto jioni. Bibi alimhadithia mjukuu, mjukuu akawa bibi. Kiini cha hadithi ni kifupi mno: ardhi ikitetemeka kwa nguvu, na bahari ikarudi nyuma ikaacha samaki wakirukaruka mchangani, usiwafuate samaki, kimbilia mlimani. Siku hizi ujumbe huo huimbwa pia katika *nandong*, nyimbo za jadi za huko.

Miaka 97 baadaye, karibu kila aliyeishuhudia 1907 akiwa amekwisha kufa, ardhi ilitetemeka. Watu wakapiga kelele "Smong!", wakawabeba watoto na vikongwe, wakapanda. Nyumba zilikwenda na maji. Watu walibaki.

Walimu wetu wa fasihi simulizi wamekuwa wakitufundisha kila mwaka kwamba hadithi huelimisha, huonya na huhifadhi historia ya jamii. Mimi naungama hapa kwamba dhima hizo nilizikariri kwa ajili ya mtihani. Nilipousoma mkasa wa Langi ndipo nilipoelewa maana ya neno "huonya".

Mpango ulivyobadilika

Tulirudi kwenye orodha na kuanza upya, na mara hii jambo la kwanza lilikuwa njia ya kukimbilia.

Nyumba ya wageni tuliyokuwa tumeichagua ilikuwa ufukweni kabisa. Bei yake nzuri, na kwenye picha wimbi lilionekana kutoka kitandani. Tulimwandikia mwenyeji kumwuliza njia ya kupanda mlimani iko wapi. Akatujibu kwa ukweli, na tunamshukuru: nyuma ya nyumba ni kinamasi, na barabara huambaa na pwani kwa kilomita mbili kabla ya kuanza kupanda. Dakika 8 hazitoshi kwa kilomita mbili, usiku, tena kwa watu wasioijua njia.

Hapo ndipo tulipogombana. Mwenzetu mmoja alikuwa amekwisha kulipa malipo ya awali ya watu wote wanne, na fedha zile hazirudi. Alisema tunaogopa kivuli. Kwamba tetemeko kama lile huja mara moja katika umri wa mtu. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Lakini tarehe 28 Machi 2005, miezi mitatu tu baada ya lile la kwanza, tetemeko jingine la ukubwa wa 8.6 lilitokea kati ya Nias na Simeulue. Liliinua sehemu za pwani ya kisiwa zaidi ya mita moja, matumbawe yakabaki juu ya maji yakafa. Ule mwamba tunaoufuata kwa ajili ya mawimbi yake ni sehemu ya ardhi iliyopanda na kushuka namna hiyo. Huwezi kulitaka wimbi ukaikataa ardhi iliyolifanya. Wiki nzima hatukusalimiana vizuri. Mwisho tukachanga wote wanne kuifidia hasara, na yeye mwenyewe ndiye aliyetafuta nyumba ya pili.

Nyumba hii ya pili iko mbali kidogo na wimbi. Itatubidi kutembea na mbao kichwani. Mwenyeji wake alipoulizwa habari ya njia hakuuliza kwa nini. Aliandika kwamba njia hupita nyuma ya msikiti na kupanda katikati ya mikarafuu, na kwamba jamaa zake waliipanda 2004 na 2005. Niliposoma neno hilo la mikarafuu nilicheka peke yangu maktabani. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, hukohuko Indonesia, ukaletwa Zanzibar katika karne ya 19. Mtoto wa Pemba atakwenda mbali kote huko, na ikitokea hatari atakimbilia kwenye mikarafuu.

Tumekubaliana kanuni tatu, na tumeziandika kwa Kiswahili ndani ya mfuko wa kila ubao. Kwanza, siku ya kufika, kabla ya kuitazama bahari, tutaipanda njia ile mara mbili: mchana mara moja, na usiku mara moja kwa tochi. Pili, viatu, tochi na pasipoti hulala pamoja kando ya mlango. Tatu, ardhi ikitetemeka kwa muda mrefu, hata kama ni kidogo, tunaondoka bila kungoja bahari irudi nyuma.

Hiyo ya tatu ina sababu yake. Tarehe 25 Oktoba 2010, katika visiwa vya Mentawai, kusini zaidi ya Simeulue na maarufu zaidi kwa wateleza mawimbi, tetemeko lilitokea usiku. Lilikuwa la polepole, wengi walilihisi kama la kawaida, wakabaki majumbani. Mawimbi yakaja, na zaidi ya watu 400 wakafa. Katika ghuba moja boti mbili za wateleza mawimbi ziligongana na moja ikashika moto, waliokuwemo walinusurika. Tangu hapo tumejua kwamba ardhi inaweza kunong'ona tu na bado ikamaanisha jambo kubwa. Kwa hiyo hatupimi nguvu ya tetemeko peke yake. Tunahesabu na muda wake.

Adabu ya mgeni

Simeulue ni nchi ya Waislamu, na Aceh huendeshwa kwa sheria za Kiislamu. Pombe hakuna. Mavazi ni ya heshima, kwa mwanamume na mwanamke. Dada yetu mmoja aliye safarini atavaa baharini suruali ndefu na fulana ya mikono mirefu, na amesema wazi kwamba kwa jua la ikweta angefanya hivyo hata pasipo sheria. Kwa desturi ya wavuvi wa Aceh, Ijumaa watu hawaendi baharini mpaka swala imalizike. Nasi tutangoja, hata wimbi likiwa zuri namna gani. Kwa wengi wetu tuliokulia pwani, haya si mageni.

Tumeanza pia kujifunza Kiindonesia, na hapa wanachama wa chama cha Kiswahili wana bahati. *Kabar* ni habari. *Waktu* ni wakati. *Selamat* ina salama ndani yake. *Sabun* ni sabuni, *kertas* ni karatasi, *dunia* ni dunia ileile. Maneno haya yalipitia Kiarabu, yakaenda mashariki kwao na magharibi kwetu, juu ya bahari moja. Jioni ya kwanza ya somo letu tulijiona kama tumekutana na binamu ambaye hatukujua kama yupo.

Mtihani nilioshindwa

Jambo la mwisho ni gumu kwangu kuliandika, lakini nimeahidi.

Tulikubaliana kwamba hakuna atakayeingia kwenye wimbi la mwambani kabla ya kufaulu mtihani wetu wenyewe: kuogelea mita 400 baharini bila ubao, siku yenye mawimbi, mwenzako akikusindikiza kando. Sababu ni nyepesi. Kamba ya mguu hukatika. Ikikatika, ubao umekwenda, na kule hakuna mlinzi wa pwani wala boti ya uokozi. Kuna wewe, mkondo na mwamba.

Mtihani huo niliutunga mimi. Bwawani niliufaulu kwa urahisi. Mwezi wa Februari, Cornwall, nilifika nusu, pumzi ikanikatika, nikalala chali na kuinua mkono. Yule mwenzangu tuliyegombana naye habari ya nyumba ndiye aliyekuwa akinisindikiza. Alinishika begani akanivuta taratibu mpaka maji ya magotini, na hakusema neno. Ningependelea angenicheka.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Nimejiona mtoto wa pwani maisha yangu yote, kumbe nimezoea maji ya ndani ya mwamba, yaliyokwisha kutulizwa. Tangu siku ile naogelea mara tatu kwa wiki, na baada ya Pasaka nitarudia mtihani. Nikishindwa tena, nitakwenda Simeulue kama wenzangu, lakini nitabaki kwenye viwimbi vya mchangani, nikilala juu ya ubao kama nilivyokuwa nikifanya Pemba. Nimeliandika hapa mbele yenu nyote ili nisije nikalibadilisha nikifika kule na kuliona wimbi.

Ombi

Ndugu wanachama, Kiswahili kina maneno mazuri ya bahari: kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, kupwa na kujaa. Lakini mwaka 2004, maji yalipofika kwetu, tulisema "tsunami" kama dunia nzima. Ninawaomba walimu wetu watutengee jioni moja muhula ujao tuzungumzie hadithi za kuonya: za bahari, za mito, za milima ya moto kwa ndugu zetu wa Goma. Na kila mmoja wenu akipiga simu nyumbani, amwulize mzee wake alihadithiwa nini, kisha ayaandike na kumletea mhariri.

Mimi nimekwisha kuuliza. Bibi alifikiri kwa muda, akasema: "Sisi ya hayo mawimbi hatukuachiwa hadithi." Halafu, kama ilivyo desturi yake kila nikisafiri, akaniagiza zawadi. Safari hii hakutaka kanga wala manukato. Amesema nikirudi nije nimhadithie hiyo smong, kituo kwa kituo, wadogo zangu wakiwapo.